Nyamizi na Ukuta wa Nne

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa tena.

Pakawa.

Pakawa kichuguu kikubwa kuliko nyumba, na nyumba ndogo kuliko kichuguu. Haya, nyoosheni miguu mnisikilize.

Zamani, zamani sana, siku ambazo watu na wadudu walikuwa bado wanaamkiana asubuhi, alikuwako mwanamke jina lake Nyamizi. Mumewe alifariki akamwachia mama yake mzazi, Bibi Milembe. Nyamizi alimpenda sana mama mkwe wake huyo. Wengine hapa mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja walikuwa uani wanapukuchua mahindi. Nyumba yao ikalia kwaa, ikalala chini. Nguzo zote zilikuwa zimeliwa na mchwa, ndani vumbi tupu. Mungu si Athumani, hapakuwa na mtu ndani. Lakini masika yalikuwa yanakuja, na Bibi Milembe alikuwa na kifua kibaya. Mvua za mwaka uliopita zilimlaza hadi watu wakaanza kuulizana habari za sanda. Mvua nyingine ikimnyeshea, ndiyo basi tena.

Nyamizi akamsitiri mama mkwe wake kwenye kibanda cha kulindia ndege shambani. Akachukua jembe na chungu cha maji ya moto, akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu kilichokuwa pembeni mwa shamba lake.

"Tokeni leo, wezi nyie," akasema.

Ndani ikajibu sauti ya Mama wa Mchwa, mnene kama kidole gumba. "Nani anayebisha hodi kwa jembe?"

"Mimi Nyamizi. Mmekula nyumba yangu."

"Hujambo, Nyamizi? Nguzo zako ulizikata lini?"

"Mwezi ulikuwa mpevu."

"Mti wa mwezi mpevu umejaa utomvu mtamu. Nawe ukaufukia mbichi, mguu wake haujachomwa. Mwanangu, sisi tulidhani umetukaribisha chakula."

Nyamizi akashusha jembe. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, naye alilijua. Akamwaga yale maji kando, akapiga goti. "Basi nifundishe, bibi."

"Ngoja mwezi uishe ndipo ukate. Zichome nguzo miguu mpaka ziwe nyeusi, maana makaa hatuyali. Udongo wa kukandikia njoo uchukue kwangu, hakuna unaoshika kama huu. Ila chimba ubavuni tu. Utosini usiguse, ndiko niliko na wanangu."

"Ahsante, bibi."

Nyamizi akangoja. Majirani wakamcheka, wakasema mvua iko njiani na mwenzao anaangalia mwezi. Yeye akangoja tu. Mwezi ulipoisha akakata nguzo, akazichoma miguu, akazisimika. Akafunga fito kwa kamba za magome. Nyasi alizikata zilipokwisha kumwaga mbegu, ndege wakabaki na chao, akaezeka.

Kisha akaanza kukandika. Kapu moja la udongo kutoka ubavuni, ahsante, bibi. Kapu la pili, ahsante, bibi. Kapu la tatu, ahsante, bibi. Akaukanda kwa miguu hadi kiuno kikamuuma. Ukuta wa kwanza ukaisha. Ukuta wa pili ukaisha. Ukuta wa tatu ukaisha. Ukuta wa nne, ule uliokabili upepo, haukuwa umepata hata konzi moja ya tope, na mbingu ikawa nyeusi.

Hapo ndipo alipotokea Muhanga, bwana pua ndefu na kucha za kuchimbia. Mnajua chakula chake ni nini. Ni mchwa.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimeshapoa."

"Kwa kapu moja moja utamaliza lini? Kichuguu kiko shambani mwako. Niruhusu nikipasue, udongo wote uwe wako sasa hivi. Yule bibi amekwisha hama na watu wake. Nimewaona kwa macho yangu haya."

Nyamizi akatazama lile wingu. Akakumbuka kikohozi cha mama mkwe wake. Siwafichi, moyo wake ulikwisha kukubali. Lakini akaenda kwanza kwenye kichuguu, akaweka kiganja juu ya tundu la utosini. Hewa ya uvuguvugu ikamgusa. Nyumba ilikuwa inapumua.

"Mbona kuna joto, shemeji? Nyumba iliyohamwa huwa baridi."

Muhanga akajikuna pua. "Labda walisahau kuzima moto."

"Nenda zako. Yangu sitaikandika kwa kubomoa ya mwenzangu."

"Haya. Mama mkwe wako akifa usiseme hukuambiwa."

Neno hilo likamchoma. Matone ya kwanza yakaanguka. Nyamizi akakimbia shambani, akambeba Bibi Milembe mgongoni, akamfunika mkeka, akarudi mbio huku analia. Alikuwa anampeleka mgonjwa kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Walipofika akaona michirizi ya tope inapanda kwenye nguzo na fito za ukuta wa nne, mamia kwa mamia. Kila mwenye nyumba anaijua michirizi ile. Ni mchwa, na mchwa ni nyumba kuliwa.

"Wamenigeuka," akasema. Akamkalisha mama mkwe wake ndani, akashika panga aikwangue.

"Subiri, mwanangu," Bibi Milembe akasema kati ya kikohozi na kikohozi. "Kwanza tazama mti."

Nyamizi akakwangua mahali padogo. Mti ulikuwa mkavu, mzima, hauna hata alama ya jino. Akatazama vizuri. Kila mchwa alikuwa na punje ya udongo mdomoni. Anaibandika kati ya fito, anarudi kufuata nyingine. Mchirizi ukakutana na mchirizi. Mvua ilipochanganya, ukuta ulikuwa umeziba. Upepo ukaupiga, ukarudi ulikotoka.

Nyamizi akatupa panga, akakaa chini. "Ahsanteni," akasema. "Sijui niwalipe nini."

Mchwa mmoja mdogo akamjibu. "Bibi anasema ulikwisha lipa. Mkono wako aliusikia utosini kwake, na haukuchimba."

Muhanga naye, tangu siku ile aliyoumbuliwa kwa uongo, mchana haonekani. Huchimba gizani.

Wanangu, ukichukua kwa ardhi, omba, bakiza, kisha shukuru. Uliyembakizia ndiye atakayekuzibia upepo.

Na Bibi Milembe? Masika yale yalipita. Yakaja mengine, yakapita. Yakaja mengine tena, yakamkuta amekaa ndani pakavu, anawasimulia wajukuu wa majirani hadithi hii.

Nilikoikuta ndiko ninakoiacha. Utamu wake gawaneni, uchungu wake nirudishieni mwenyewe.