Mkono wa Kuvuka Kizingiti

Hapo zamani, ile zamani ya karibu ambayo redio ilikuwa bado inafunikwa kitambaa cha kufuma, mtaa wa Makomeni ulikuwa na mjane aliyeitwa Mwanakheri. Mumewe, Shekue fundi seremala, alilala mzima na hakuamka. Ndugu wakalia, majirani wakalia, hata muuza mkaa aliyegombana naye kila Ijumaa alilia mpaka kamasi zikamtoka. Mwanakheri hakulia. Hakulia siku ya mazishi, hakulia siku ya khitma, na akaingia eda na macho makavu.

Watu hawakosi la kusema. "Hakumpenda," walisema. "Angempenda angelia." Maneno yakamfikia, kwa sababu maneno ya mtaa hayana adabu ya kupiga hodi. Wala hakukasirika. Alilojiuliza lilikuwa baya zaidi: huenda ni kweli. Shekue alikuwa mtu wa maneno machache. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia mkewe kwamba anampenda, na mkewe hakuwahi kumwuliza. Sasa hapakuwa na wa kuulizwa, na moyo ulikaa tu kifuani, hauumi wala haupoi.

Tena palikuwa na jambo la kizingiti. Pale Makomeni, mjane akimaliza eda hatoki peke yake. Humchagua mwanamke mmoja amshike mkono, amvushe kizingiti, na tangu hapo wanawake hao wawili ni ndugu. Watakula pamoja sikukuu, watauguzana, na atakayetangulia kufa ataoshwa na mwenzake. Mkono ni mmoja, na ukishashikwa haubadilishwi. Mwanakheri hakuwa na mtoto wala dada. Mkono huo ndio ungekuwa jamaa yake yote.

Basi eda ni ndefu, na mtu hawezi kutazama ukuta kutwa. Wa kwanza kuliona hilo alikuwa Arafa, shoga yake tangu shuleni, msusi mwenye mdomo mwepesi. Arafa alikuwa na sanduku la riwaya za mapenzi chini ya kitanda, zimesomwa na kuazimwa mpaka kurasa zimelainika kama kanga kuukuu. Alipekua sanduku zima ndipo akachagua moja.

"Soma, shoga," alisema. "Ukiendelea hivi utaota kutu."

Mwanakheri akasoma. Ilikuwa habari ya daktari kijana aliyempenda muuguzi, na daktari yule alikuwa hodari wa kusema maneno ya mapenzi. Alisema mgonjwa akiwa kitandani anasubiri sindano, alisema mvua ikinyesha, alisema kurasa nzima bila kumeza mate. Mwanakheri alipofika pale daktari anapopiga magoti kwenye tope na suti yake nyeupe, akajiuliza nani ataifua ile suti, na kicheko kikamtoka. Kilimtoka kwa nguvu mpaka akajishika mbavu. Kisha akanyamaza, akaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine. Hakujua kuwa kicheko kimo bado ndani yake, na kilikuwa kimetolewa na mtu wa karatasi.

Wa pili alikuwa Tunu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mume wa Tunu alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine pia. Tunu alikuwa angali anamsubiri, na kila jioni alipakua sahani mbili, ila hilo mtaani halikusemwa kwa sauti. Yeye alileta riwaya moja tu aliyokuwa nayo, ambayo aliipenda kuliko vyombo vyake vyote.

Ilikuwa habari ya mwanamke aliyemngoja dereva wa lori mpaka mvi zikamwota. Mwanakheri alisoma kwa utulivu hadi pale dereva anaporudi, anaketi, anakula, anasema chumvi imezidi, na mwanamke anamwomba radhi. Hapo Mwanakheri akasimama. Akakirusha kitabu dirishani, akapaza sauti iliyosikika mpaka bombani.

"Mwanamke huyu hana ndugu wa kumwambia? Achukue sahani yake amwage, afunge mlango!"

Mtaa ulikuwa haujasikia sauti yake tangu msiba. Watu waliacha ndoo zao wakatazamana. Mwenyewe ajabu ilimjaa: mwanamke ambaye hakuzaliwa popote amemfanya apige kelele, yeye aliyeshindwa kupiga kelele kwa ajili ya mume wake mwenyewe.

Tunu alikuwa uani anaanika nguo. Aliyasikia yote, na alijua yanamhusu. Akakiokota kitabu, akakipangusa vumbi. Jioni ile alipakua sahani moja. Kesho yake akaja kwa Mwanakheri na uji kama kawaida, macho yamevimba.

Wa tatu alikuwa Bi Mgeni, dada wa marehemu. Mama huyu alisoma chuoni akahitimu Kurani yote, ila herufi za shule hakuzijua hata moja. Ilimuuma kwamba kaka yake hajaliliwa na mkewe. Akaenda kwa muuza vitabu nje ya msikiti, akaona kimoja chenye jalada la kijani na nakshi za dhahabu pembeni. Kwa macho yake, kitabu cha namna hiyo hakiwezi kuwa kingine ila cha dua.

"Hiki kizuri?" aliuliza.

"Kizuri sana, mama," muuzaji akajibu huku anamhudumia mwingine. "Wote waliokisoma wamelia."

Bi Mgeni hakuuliza zaidi. Alikipeleka kwa mjane kimefungwa ndani ya mtandio safi. "Wifi, hizi dua," alisema. "Zimeandikwa kwa herufi zenu za shule. Soma ukurasa mmoja kila baada ya sala, usizidishe."

Mwanakheri akafungua. Haikuwa dua. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, tena imeanza na watu wawili wanagombea mto wa kulalia. Lakini wifi ni wifi, na amri yake ni amri. Mwanakheri akanyamaza, akasoma ukurasa mmoja kila baada ya sala, na hakuzidisha.

Katika kitabu kile halikutokea jambo. Mume na mke waliishi, walizeeka. Mume hakusema neno tamu hata moja. Ila kila alfajiri aliamka kimya, akawasha jiko la mkaa, akarudi kitandani akajifanya amelala, ili mke akiamka adhani moto wa jana ulibaki. Mke alidhani hivyo miaka yote. Alikuja kujua asubuhi ya kwanza ya ujane wake, alipokuta majivu baridi.

Mwanakheri alisoma ukurasa huo baada ya sala ya alasiri. Akauweka mkono juu ya maandishi kama mtu anayepima homa. Mwandishi huyu ni nani? Nani alimwambia? Hakuwahi kuingia nyumba hii, hajui mlango wake unatazama wapi. Akainua macho akatazama mlango.

Kando ya kizingiti zilikuwapo kandambili zake. Zilitazama ndani, vilevile alivyozivua aliporudi sokoni siku ile ya mwisho, kabla Shekue hajalala asiamke. Na hapo ndipo alipokumbuka kwamba katika ndoa yake yote hajawahi kuzikuta zinatazama ndani. Kila alipotaka kutoka alizikuta zinatazama nje, tayari kuvaliwa, akatia miguu akaenda zake. Hakuwahi kuzigeuza hata mara moja. Hakuwahi hata kuwaza kwamba kuna anayezigeuza.

Akalia. Alilia mpaka adhana ya magharibi, akalia baada yake, na majirani waliokuja mbio walisimama mlangoni wakashindwa kuingia. Alimlilia Shekue, akajililia na mwenyewe, kwa kuwa alipendwa kila siku na hakujua.

Eda ikaisha. Asubuhi ya kutoka, Mwanakheri aliwasimulia wanawake wale watatu yote, ya daktari, ya dereva, ya jiko, ya kandambili. Alimwambia hata Bi Mgeni kwamba dua zake hazikuwa dua. Kisha akawauliza, ni nani kati yao aliyemrudishia moyo wake, ili amshike mkono.

"Ni mimi, shoga," alisema Arafa. "Hawa walileta walichokuwa nacho. Mimi nilipekua sanduku zima, kwa kuwa nakujua, nilijua utacheka. Usingecheka kwanza, usingefungua kitabu cha pili wala cha tatu."

"Kicheko chako kiliishia chumbani," alisema Tunu. "Hasira ndiyo iliyokurudishia sauti. Na hasira hiyo, mama, ilinipiga mimi usoni. Kesho yake nilikuja na uji. Nani mwingine hapa aliumia ili wewe upone?"

"Mimi sikujua nilichobeba," alisema Bi Mgeni. "Nilimwomba Mungu ulie, akaupeleka mkono wangu kwenye kitabu. Mwingine alikuchekesha, mwingine alikukasirisha, lakini kilichokosekana katika nyumba hii kilikuwa machozi, na yalikuja kwa kitabu changu."

"Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kusema kwamba hakumpenda kaka yako," Arafa akamwambia.

"Nilisema," Bi Mgeni akajibu. "Ndiyo maana nilitoka kwenda kutafuta dua."

Mwanakheri akasimama, akaenda mlangoni. Kandambili zilitazama ndani bado. Arafa akainama haraka azigeuze, na Tunu akainama, na Bi Mgeni na magoti yake mabovu akainama. Mwanakheri akawazuia. Akachuchumaa, akazigeuza mwenyewe, moja, kisha ya pili, akatia miguu.

Mbele yake jua limejaa uani, na mikono mitatu imenyooshwa: wa aliyemjua, wa aliyeumia, na wa aliyekosea njia akafika. Haya, nyinyi mliokaa hapa mnanitazama. Mjane yuko kizingitini na mguu umeinuliwa. Ashike mkono wa nani?