Kwa Nini Kibuyu cha Maziwa Husuguliwa kwa Kijinga cha Moto

Hapo kale, kibuyu cha maziwa kilisuuzwa kwa maji mara moja tu kikawa safi. Vijidudu, wale viumbe wasioonekana kwa macho, walikuwepo, ila hawakuwa na makao. Kila mmoja alitangatanga peke yake majini na mavumbini, na akina mama walipomwaga maji ya kusuuzia, vijidudu walimwagwa nayo. Hawakumdhuru mtu, maana mmoja mmoja hawakuwa na nguvu.

Siku hizo aliishi Kabon, mama wa mtoto mchanga aliyeitwa Yator. Kabon alikuwa na huruma mno. Mbuzi wa jirani akilia kwa kiu, yeye ndiye aliyeinuka kumpa maji. Asubuhi moja, akisuuza kibuyu cha Yator, alisikia sauti nyembamba ndani yake. Kijidudu mmoja alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa kibuyu.

"Mama, usinimwage," alisema. "Nimechoka kutupwa. Nipe kipembe tu, pale chini. Mimi sili sana."

Kabon alikumbuka alivyokuja kuolewa katika boma lile, hamjui mtu, na jinsi alivyosogezewa kigoda karibu na moto. Akamwachia kipembe. Wakakubaliana kwamba mgeni hatagusa maziwa ya mtoto. Kuanzia hapo akawa anasuuza polepole, asimsumbue.

Mwanzoni mgeni alikuwa na adabu. Lakini alihisi upweke, akamwita ndugu yake, naye ndugu akawaita ndugu zake. Walipokuwa wengi wakaingiwa na hofu kwamba siku moja Kabon angebadili nia. Basi wakatoa ute miilini mwao, wakajenga nyumba yenye kuta, paa na vichochoro vya kupitishia chakula. Maji ya kusuuzia yakawa yanateleza juu ya paa. Hata Kabon alipoona wamezidi na kutia maji ya majani machungu, waliokuwa juu walikufa, na wa chini wala hawakuyaonja. Sasa walikuwa ukoo mzima, na ukoo mzima haushibi kwenye kipembe. Wakayanywa maziwa na kuacha uchafu wao humo.

Yator akaanza kuhara. Aliacha kucheka, kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. Alipewa dawa akapata nafuu, akanywa maziwa, akaugua tena, safari hii akabaki macho nusu wazi.

Mama mkwe wake, mwanamke mwenye maneno makali, alikichukua kibuyu akachokoa ndani kwa kijiti. Kijiti kilitoka na utando unaoteleza kama kamasi.

"Mwanangu, umefuga nini humu?" aliuliza. "Naona una watoto wengine uliotuficha."

Kabon akaeleza yote akitazama chini. Mama mkwe hakumtania tena. Alimchukua Yator akamlaza kifuani mwake, ili mikono ya Kabon iwe huru.

"Wageni ni wako," alisema. "Wewe ndiye wa kuwatoa."

Kabon akachomoa kijinga jikoni, kikiwa bado chekundu, akakiingiza kibuyuni akasugua. Nyumba ya ute ilipasuka ukuta kwa ukuta. Aliwasikia wakimsihi, machozi yakamtoka, lakini mkono wake haukusimama. Alisugua mpaka ndani pakawa pakavu, peusi, pananukia moshi.

Wachache waliopona walikimbilia viganjani mwake. Yule wa kwanza akauliza sasa waende wapi. Kabon alimtazama mwanawe, akatazama mikono yake. Hata siku ile hakuweza kumfukuza mtu moja kwa moja.

"Kaeni juu ya ngozi," alisema. "Hapo ni uani. Ndani hamwingii."

"Na tukikuta mlango wazi?"

Kabon alikwisha kuwajua, akafunga kwa kitambaa kidole chake kilichochubuka.

Yator alipona. Ndiyo maana mpaka leo kibuyu cha maziwa hakisuuzwi tu, bali husuguliwa kwa kijinga cha moto. Vijidudu nao wanaishi juu ya ngozi zetu, na siku nyingi hawana ugomvi na mtu. Lakini mtoto akianguka akachubuka goti, mama huacha chungu motoni akaenda kwanza kuliosha jeraha lile na kulifunga, maana mlango umefunguka, na wageni wako uani.