Moshi wa Bibi Navoneiwa

Moshi hutunza mbegu, haulei mche. Ndivyo alivyosema Mzee Kiteri jana kwenye kikao, baba yenu mdogo alipokataa katakata binti yake aende Mwanza kusomea uuguzi, eti dunia imeharibika, akae hapahapa chini ya macho ya wazazi. Niliwaona mkitazamana. Mmoja wenu akacheka. Sasa mnaniuliza moshi na binti wa watu vinahusiana nini. Haya, kaeni, na huyo mwenye simu aiweke mfukoni. Chanzo cha msemo huu nakijua vizuri, maana ulizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu, na mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa, tena akiwa amefura kwa hasira.

Methali hii ilianzia jikoni kwa Navoneiwa.

Kwetu ni juu kabisa kwenye milima ya Upare, chini ya msitu wa Shengena, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Zamani zile nyumba ilikuwa moja tu. Mafiga katikati, vitanda vya kamba pembeni, mbuzi nyuma ya kizuizi, na juu ya moto dari ya fito. Darini ndiko yalikolala mahindi ya mbegu, yamefungwa mafungu kwa maganda yake, yamekaushwa na moshi mpaka yakawa meusi kama yametoka kuungua. Moto haukuzimwa, usiku wala mchana. Masizi yalining'inia na kudondoka kwenye chungu cha makande, nasi tulikula hivyohivyo. Shuleni mwalimu alitujua kwa harufu kabla hajatuita majina. Siku hizi mna majiko ya gesi, kuta nyeupe, madirisha ya vioo, nami nashukuru kwa ajili ya macho yangu. Lakini makande ya gesi hayana ladha. Nimesema, na yeyote akasirike.

Sasa, katika kilima kizima hapakuwa na dari kama ya Navoneiwa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Mbegu zake fukusi hakuzigusa hata mara moja kwa miaka thelathini. Msimu ukikaribia, wanawake walikwea kwake na vikapu, naye akawachagulia fungu kwa fungu. Kabla ya kumpa mtu yeyote, alizijaribu. Alichukua punje kumi za kila fungu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka kizingitini chini ya kibuyu kilichokatwa, akangoja ziote. Zikiota tisa, hiyo ni mbegu. Zikiota sita, hizo ni za kupika, na hupewi hata ulie. Watu walimwita Mama wa Mbegu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha.

Lakini alikuwa na hofu moja, nayo ilikuwa upepo. Miaka mingi nyuma mtoto wake wa pili alikufa kwa kifua, akiwa na majuma saba tu, wakati wa baridi kali. Wazee wakasema upepo umempiga. Tangu siku hiyo Navoneiwa aliziba kila ufa wa nyumba ile. Mume wake alipokuwa hai walishirikiana, yeye akikanda udongo na samadi, mume akikandika. Alipokufa mume, aliendelea peke yake na matambara. Ukifunga mlango wa nyumba ile mchana, hukuona kiganja chako.

Mwanawe aliyebaki, Elitumaini, alifanya kazi huko chini kwenye mashamba ya mkonge. Alioa msichana aitwaye Namsifu, mpole, wa kutoka ng'ambo ya bonde. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika, Namsifu akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Sifueli. Mjukuu wa kwanza, jamani! Navoneiwa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Desturi ilikuwa mzazi akae ndani miezi mitatu, asionwe na watu, asiguswe na jua. Navoneiwa akasogeza kitanda cha mkwewe karibu kabisa na mafiga, chini ya dari yenyewe.

"Moshi huu umenitunzia mbegu miaka thelathini," alisema. "Utashindwa kumtunza huyu?"

Nani angembishia? Neno lilikuwa na akili ndani yake. Hata mama yangu aliitikia.

Mtoto alipoingia mwezi wake wa pili akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo kwanza, cha kuchekesha, kama cha mzee. Kisha kikaingia kifuani. Mbavu zikawa zinaonekana kila akivuta pumzi, naye akawa ananyonya kidogo na kuliachia ziwa, ananyonya na kuliachia. Navoneiwa akaingiwa na woga wa zamani. Akaongeza matambara kwenye nyufa, akaongeza kuni, akatia na majani mabichi ili moshi uwe mzito zaidi. Mtoto akizidi kukohoa, bibi anazidi kuchochea. Alikuwa hali wala halali. Alijua sauti ile, alikwisha kuisikia, na alijua iliishia wapi.

Mwezi wa tisa watu wa kilima waliitwa kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kabla ya mvua za vuli. Navoneiwa alikwenda kila siku, maana nyumba isiyotoa mtu hainyweshewi shamba. Siku ya tatu mpini wa jembe lake ulilegea, akarudi nyumbani kabla ya saa sita kuugongea kabari.

Alipofika uani, jembe lilimponyoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Namsifu alikuwa ameketi nje juani, ameegemea ukuta, na mtoto yuko mapajani kifua wazi.

"Namsifu! Umerukwa na akili? Unataka nizike tena?"

Namsifu akapiga magoti. Lakini mtoto hakumfunika.

"Nisamehe, mama. Ila msikilize kwanza anavyopumua."

"Nisikilize nini? Muingize ndani!"

"Msikilize, mama. Nakuomba. Ukishasikiliza nitamuingiza."

Navoneiwa akainama, akatega sikio kwenye kifua kile kidogo. Ule mkoromo aliouacha asubuhi ulikuwa umepungua. Mtoto alikuwa amelala, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua.

"Ni jua tu," alisema.

"Jana hapakuwa na jua, mama. Ulikuwa ukungu mtupu. Nilimtoa vilevile, akalala."

"Jana? Jana pia ulimtoa?"

"Na juzi. Kila ukienda ndiva. Nikimtoa analala, nikimrudisha ndani kifua kinakaza. Sikuthubutu kukuambia."

Wanangu, wakati ule mkwe hasemi hivyo mbele ya mama mkwe. Navoneiwa alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Amedanganywa siku tatu, ndani ya nyumba yake, na msichana huyu aliyemkaribisha kwa vigelegele. Alifungua kinywa amwambie afungashe vitu vyake arudi ng'ambo ya bonde.

"Mama," Namsifu akamwahi, "kabla hujanifukuza, naomba nikuulize neno moja la mbegu."

Kuhusu mbegu Navoneiwa hakuwahi kumnyima mtu jibu, hata adui. "Uliza."

Namsifu akaonyesha kizingitini, kwenye kile kibuyu. Punje za majaribio zilikuwa na siku ya nne, zimeshatoa vichwa vyeupe.

"Hizi zilizoota, utazirudisha darini?"

"Nani alikulea wewe? Mbegu ikishaota inarudi darini kufanya nini? Moshi si utaiua hata jua halijachwa! Moshi ni wa mbegu iliyolala. Ikishaamka inataka udongo na hewa."

"Na Sifueli, mama? Huyu bado amelala?"

Navoneiwa alimtazama mtoto, akazitazama punje, akamtazama tena mtoto. Kisha likamjia wazo ambalo hakuwahi kuliruhusu limjie kabla. Alimkumbuka yule wa kwake, wa majuma saba. Naye alilala karibu na mafiga. Naye walimfungia mlango, wakachochea, wakaziba, na kikohozi kikazidi. Wote walisema ni upepo. Je, kama haukuwa upepo?

Akaketi palepale mavumbini, mama huyu ambaye hata kwenye matanga ya mumewe hakulia mbele za watu, akalia kwa sauti. Namsifu alimsogelea, akamwekea mtoto mikononi.

Kisha Navoneiwa akamrudishia mtoto, akaokota jembe, akalikazia kabari yake kwa jiwe. Akaingia ndani. Akaenda kwenye ukuta alioukandika na marehemu mumewe, akaupapasa, akasema, "Baba Elitumaini, utanisamehe," na akapiga. Alipiga mpaka likafunguka tundu la upana wa ungo, usawa wa kitanda. Akapanda juu ya kinu, akatoboa jingine kule juu, chini ya paa. Moshi wa miaka thelathini ukapata njia, ukatoka kwa pupa, mweusi, mzito, mpaka watu waliokuwa ndiva wakapiga yowe kwamba nyumba ya Navoneiwa inaungua. Wakaja mbio na ndoo za maji, mama yangu akiwa mbele.

"Rudisheni maji yenu," aliwaambia, masizi yamemjaa usoni mpaka hajulikani. "Haiungui. Inapumua."

Wakaondoka wakisema uzee umempanda kichwani. Yeye akasimama katikati ya nyumba, kwa mara ya kwanza akauona ukuta wa nyuma kwa nuru ya mchana. Ulikuwa mweusi tititi, kana kwamba umepakwa lami.

Nisiwadanganye, mtoto hakupona siku ile. Walimpeleka zahanati bondeni, wakabadilishana kumbeba, akapewa dawa. Lakini safari hii aliporudi alirudi kwenye nyumba yenye hewa, kitanda kimehamishiwa mbali na mafiga, kuni zinachomwa zilizokauka tu, na mchana anatolewa uani, liwe jua, uwe ukungu. Mvua za vuli zilipokuja, alikuwa ananyonya mpaka mama yake anamlalamikia.

Lakini kila kitu kina gharama zake. Dari ile sasa haikuwa na moshi wa kutosha. Mwezi wa pili Navoneiwa alianza kuona unga mweupe sakafuni asubuhi, unga laini, na mtu wa mbegu haambiwi ni nini. Fukusi wameingia. Kila siku alipanda darini, akachambua, akaanika, akatia majivu. Kila siku zilipungua mbegu alizookoa. Angeweza kuliziba tundu kwa tope la kiganja kimoja. Namsifu alimkuta mara mbili amesimama mbele ya tundu lile, mikono mitupu, anatazama nje. Hakuliziba.

Mwezi wa tatu masika yakabisha hodi, na mama yangu akapanda kwake na kikapu kama miaka yote. Alitegemea mafungu manne. Navoneiwa akamtolea nusu fungu, nalo limechambuliwa.

"Hii ni nini?" mama akauliza.

"Ndizo zilizobaki."

"Navoneiwa, unanitania. Miaka yote hii! Wewe ndiye tuliyekuwa tukikuapia kwa mbegu. Unatoboa nyumba kwa mikono yako, fukusi wanaingia, na sisi wengine tukapande nini? Tukapande masizi?"

"Mtapanda hizo. Nyingine mtaomba bondeni. Na mtanisema, najua. Nisemeni."

"Kwa nini lakini, mwenzangu? Kwa nini uharibu kitu kizuri namna ile?"

Navoneiwa hakukasirika. Sifueli alikuwa anatambaa uani, ana miezi tisa, mnene, mdomo umejaa udongo. Alikiona kikapu cha mama, akakishika ukingo, akajivuta mpaka akasimama, akapiga kelele ya furaha iliyowafanya kuku watawanyike. Kelele kubwa, ya kifua kizima. Mama yangu hakutaka kucheka, maana alikuja kugombana, lakini kicheko kilimtoka.

"Umesikia hiyo?" Navoneiwa akamuuliza, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Yule wangu hakuwahi kupiga kelele kama hiyo. Nilimfungia, nikamfukizia, nikadhani namtunza. Mwenzangu, mimi mbegu nazijua kuliko mtu yeyote kilimani hapa. Moshi hutunza mbegu, haulei mche."

Mama alishuka na ile nusu fungu, akanuna hadi nyumbani. Mwaka ule tulivuna kidogo, na Navoneiwa alisemwa, kama alivyotabiri. Lakini mama alikuwa na mtoto mchanga naye, na mtoto huyo alikuwa mimi, na nilikuwa nakohoa. Jioni ileile, kabla hajakitua kikapu vizuri, alimwambia baba alete jembe. Baba akauliza kuna nini. Mama akamjibu kwa maneno aliyotoka kuambiwa, bila kuongeza hata moja:

"Moshi hutunza mbegu, haulei mche."