Magurudumu ya Jirani

Wapendwa, somo la leo mmelisikia likisomwa, na wengine mmeshalisahau, nawaona. Basi wekeni vitabu chini mnisikilize. Nataka kuwapa habari ya mtu mmoja na gari lake. Nawaonya mapema kwamba si ya kuchekesha, ingawa itaanza hivyo.

Katika mji mmoja wa milimani palikuwa na mtu aliyekuwa akibeba watoto wa shule kwa gari lake. Mtu wa watu kwelikweli. Watoto anawaita kwa majina yao ya nyumbani, anashuka mwenyewe kuwafungulia mlango, na mtoto akisahau sweta anageuza gari kulifuata. Wazazi walimpenda. Siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini akamwambia, "Muhula huu gari lisilo na stika ya ukaguzi haliingii getini kwangu. Kalipeleke likapimwe. Ukishindwa niambie, maana yuko mwingine anayeitaka kazi hii."

Basi akaanza kukitafuta hicho kituo cha ukaguzi. Msicheke. Kuna watu humu mna magari miaka na miaka, na nikiwauliza sasa hivi kituo kiko wapi mtaanza kutazamana. Alikwenda polisi, akaambiwa kimehama. Akauliza waendesha bodaboda, wakamwelekeza stendi ya zamani, akafika akakuta watu wanauza mitumba. Aliyemnusuru ni mama ntilie mmoja, aliyemnyooshea mwiko: "Pita yadi ya magreda, utaona geti la bluu, ndiyo hapo."

Ukutani pale getini walikuwa wamebandika masharti. Akayasoma, kidole kikitambaa juu ya karatasi. Breki, anazo. Honi inalia. Usukani hauna tatizo. Taa moja ya nyuma imekufa, balbu itanunuliwa. Mikanda ya viti, atafunga. Halafu kidole kikasimama. Matairi yasiwe yamelika.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Matairi yake manne yalikuwa vipara vitupu. Zile kashata za tairi, ile mifereji inayoshika barabara, zilikuwa zimeisha kitambo. Ukipitisha kiganja ni kama unapapasa kisigino cha mtu. Angeweza kununua mapya? Angeweza, kwa kujibana. Lakini alikuwa anaezeka nyumba, na bati lilionekana kwa watu, tairi halikuonekana.

Unafikiri alifanya nini? Wenye magari mmeinamisha vichwa. Mnajua alichofanya.

Alikuwa na jirani, muuza miche ya parachichi, mwenye gari la aina ileile, tofauti rangi tu. Jirani huyo alikuwa ametoka kuvalisha lake matairi mapya. Jioni yule bwana akamwendea kitaluni.

"Jirani, nina shida."

"Shida yako ni yangu. Sema."

"Niazime magurudumu yako kesho. Nipite nayo ukaguzi, mchana nakurudishia."

Jirani akacheka, akatikisa kichwa. "Yaani wakague matairi yangu, wewe upewe stika? Haya bwana. Kesho nashinda hapa nabebesha miche, sitoki. Ila usiniachie gari juu ya mawe, nivalishe hayo ya kwako lisimame."

Alfajiri wakakutana na jeki na spana, wakafungua huku na huku. Magurudumu mema yakaenda kwa mwenye kutafuta stika, vipara vikabaki kwa mwenye huruma. Tena jirani ndiye aliyekaza nati za mwisho, akamwambia mwenzake nenda salama. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, au sivyo?

Watoto alikwisha kuwapeleka shule kwa magurudumu yale mazuri, akanyoosha kwenda kituoni. Akakuta foleni imefika barabarani. Malori, magari ya mchanga, kila mtu kakumbuka ukaguzi siku hiyo hiyo. Akasogea hatua moja, akazima, akasogea tena, akazima. Saa za watoto kutoka shule zikakaribia, na mawingu yakashuka mlimani. Mvua ikaanza. Akatoa simu.

"Jirani, nimekwama huku. Nichukulie watoto, tafadhali. Na binti yangu yumo."

"Kwa vipara hivi? Na mvua yote hii? Jirani, mteremko ule wa mashine ya kusaga unaujua."

"Hayo hayo mimi natembelea kila siku! Uliwahi kusikia nimeanguka? Nenda polepole tu."

"Haya. Naenda kwa sababu ya watoto, wasije wakalowa."

Mmesikia? Aliambiwa. Naomba mlishike hilo, maana wengi wetu tukifika mbele za Mungu tutasema hatukuambiwa.

Zamu yake ikafika. Mkaguzi alikuwa dada mmoja mwenye ovaroli. Akakanyaga breki, akawasha taa, akalala chini kuchungulia uvunguni. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akachomeka kipimo katikati ya kashata, akatabasamu. "Haya ndiyo matairi. Unajua kwa nini tunayasumbukia? Mvua ikinyesha, mifereji hii ndiyo inayosukuma maji pembeni. Ikiisha, tairi linapanda juu ya maji, na hapo hata uwe na breki za namna gani, gari haliko mikononi mwako tena." Akabandika stika kwenye kioo. "Hongera, baba. Kumbe mtu anayebeba watoto akiamua anaweza."

Yule bwana akashukuru. Lakini yale maneno ya maji hayakumtoka kichwani. Akampigia jirani. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Akawasha gari akaondoka mbio.

Chini ya mashine ya kusaga akakuta watu.

Gari la jirani lilikuwa limelala ubavu mtaroni, magurudumu yakitazama barabara. Watoto wameketi kando chini ya turubai la mtu, wanalia, wengine hawalii kabisa, wametoa macho tu. Akamwona binti yake, mzima, anatetemeka. Msichana mmoja paja limevunjika. Na mvulana mdogo wa darasa la awali amelala kwenye kanga, kichwa kimefungwa, haitiki akiitwa. Mama yake amepiga magoti kwenye tope anamwita jina. Jirani mwenyewe alikuwa na damu kwenye paji la uso na kiatu kimoja. Ndiye aliyewatoa wote kupitia dirishani.

Trafiki alikuwa amechuchumaa, anapitisha kiganja juu ya tairi. Akainuka akamgeukia jirani. "Hili ni tairi au sabuni? Unabebea watoto wa watu kwenye kitu hiki? Wewe una moyo kweli?"

Wazazi wakaanza kupiga kelele. Mmoja akaokota jiwe. Ndipo jirani alipoinua macho akamwona rafiki yake anashuka garini, na uso wake, wapendwa, ukapata nafuu. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba gunia peke yake akaona mwenzake anakuja kushika upande wa pili.

"Afadhali umekuja," akasema. "Afande, mwulize huyu. Habari za matairi haya anazijua yeye."

Trafiki akageuka. Wazazi wakageuka. Yule mwenye jiwe akageuka nalo.

Hebu simameni naye hapo kidogo. Alitaka kusema. Nawaambia kweli, mdomo ulifunguka kwa ajili ya kusema. Maneno yalikuwa machache: vipara ni vyangu, nami ndiye niliyemtuma. Lakini akaliona jiwe. Akamwona mwalimu mkuu mawazoni. Akayaona mabati ya nyumba yake, na wazazi waliompenda, na jina lake zuri likidondoka topeni mbele ya binti yake. Na mdomo uliokwisha kufunguka, unajua ulitoa nini?

"Afande, gari langu limetoka kukaguliwa sasa hivi. Stika ile pale."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo.

Tazameni jambo la kutisha. Hakusema uongo hata neno moja! Gari lilikuwa limetoka kukaguliwa. Stika ilikuwa ya halali, na mkono wa serikali ndio ulioibandika. Alimzika mwenzake kwa ukweli mtupu.

Trafiki akaliendea gari, akainama, akayatazama matairi, kashata zimesimama na maji yanachuruzika kwenye mifereji yake. Akarudi na pingu. "Jirani yako anajua kujali roho za watu," akamwambia yule mtu wa parachichi. "Ungejifunza kwake."

Jirani akasema neno moja tu. "Jirani?" Hakukasirika. Aliuliza, kama unavyomwuliza mtu aliyesinzia. Halafu akatoa mikono yake, wakaifunga, yeye akiwa bado anamtazama mwenzake.

Mama wa yule mvulana akainuka kwenye tope, akaja akamshika huyu bwana mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, baba. Ungekuwa ni wewe uliyewachukua leo, mwanangu angekuwa mzima."

Akamjibuje? Kuna mtu humu anaweza kukisia? Mimi niliposhika kalamu kuuandaa mfano huu, nilifika hapa mkono ukakataa. Mtu yule aliinamisha kichwa, akasema, "Amina."

Amina! Neno letu hilo hilo. Kisha akawapakia majeruhi akawakimbiza hospitali, na gari halikuteleza hata mara moja, kwa sababu lilikuwa linatembea kwa magurudumu ya mtu aliyekuwa anapelekwa mahabusu.

Mama pale nguzoni umeshika mdomo. Bwana mmoja huku ametikisa kichwa kwa hasira, na najua anasema moyoni, "Mtu gani huyu?" Hasira hiyo ni halali. Ila msiimalize yote kwake, tuibakizie na sisi kidogo.

Kwani sisi siku ya ukaguzi tunavaa ya nani? Ndoa yako inasifiwa kanisani kwa sababu mke wako amemeza matusi yako, na akichoka watu wanasema mwanamke huyo ana kiburi. Wewe unaitwa mtoto mwema wa familia, kwa kuwa ndugu yako alikubali kuitwa mwizi wa shamba la baba. Mwingine anaonekana mchapakazi ofisini, na kijana aliyefukuzwa alifukuzwa kwa kosa la huyo mchapakazi. Dada wa kazi alirudishwa kwao usiku akilia, nasi tunajua ni nani mle ndani aliyestahili kutoka. Tumepata stika, ndugu zangu. Tunaipangusa vumbi kila Jumapili. Asante ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hupiga teke waziwazi. Sisi tunampiga mtu na huku tunaitikia baraka.

Na asiinuke mtu kunijibu kwamba Bwana alishabeba dhambi zake. Alizibeba, nami nimelihubiri hilo hapa mpaka sauti ikakauka. Alizibeba Yeye kwa kupenda. Hakutupa ruhusa ya kuzichukua hizo hizo tukamtwike muuza miche. Ukitubu kwa Mungu chumbani, ukamwacha jirani na pingu zake, toba hiyo imemfaa nani?

Mnataka kujua mfano huu unaishaje. Hauishi. Mvulana bado amelala hospitali, jirani bado yuko ndani, na yule bwana leo ameoga, amevaa shati jeupe, amekuja ibadani. Anayo bado ile sentensi yake fupi, kwamba vipara ni vyake. Haijaoza. Akiisema itamgharimu jina, kazi, pengine na uhuru wake, na asipoisema kuna mtu atalala tena kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yake. Nani humu atamwombea aendelee kunyamaza?

Kwa hiyo sitatoa baraka sasa hivi. Wazee wa kanisa nimewaomba kapu la sadaka lisipite bado. Kila Jumapili nasimama hapa nawaambia zimeni simu. Leo zitoeni. Ziwasheni. Unalijua jina la yule unayepaswa kumpigia, limekuja kichwani tangu pale kwenye pingu. Toka nje, simama popote, mpigie. Akipokea usimsalimie sana. Mwambie, "Vilikuwa vyangu."

Sisi tutakaa hapa. Tutakusubiri.