Makubazi ya Bi Pimbi na Kamati ya Kisima

Hapo zamani za kale, na asinibishie mtu maana nilikuwepo, nimekaa juu ya jiwe natafuna mswaki, kiangazi kiliingia kaskazini kikakataa kutoka. Kule misimu ni miwili tu: msimu wa vumbi, na msimu wa kuulizana mvua imekwama wapi.

Kisima kilichobaki kilikuwa kimoja, katikati ya laga, yaani ule mto mkavu wa mchanga. Tembo na Kifaru wakaunda kamati. Tembo mwenyekiti, Kifaru katibu, wajumbe hakuna. Azimio la kwanza: kiangazi wanakunywa wakubwa, wadogo wasubiri masika. Busara iliyoje!

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka kama ngozi ya ngoma. Akajua: leo wasipokunywa, kesho atazika.

Akawanong'oneza jambo, wakapanda korongoni. Yeye akashuka kisimani, akavua makubazi yake, akayarusha juu. Pa! Pa! Kule hivyo ndivyo wanavyopiga ramli: wanasoma kubazi lilivyoanguka.

"Mama yangu!" akashika kichwa. "Poleni sana, wakubwa."

"Pole ya nini?" akauliza Kifaru.

"Aa, sitaki kuingilia mambo ya kamati."

"Sema, we kipande cha mnyama!"

"Kubazi limelala kifudifudi, kisigino kimeelekea milimani. Mafuriko yanakuja na laga hii hii. Kabla ya adhuhuri."

Kifaru akacheka, hoo hoo hoo! "Mafuriko? Na juu huko hakuna wingu hata la dawa?"

"Kweli, Bwana Katibu. Na siku ile maji yalipombeba shemeji yako, wingu lilikuwa wapi?"

Kifaru akageuka kutazama milimani. Kila mtu wa kule anajua: mvua hunyesha milima ya mbali, wewe umelala mchangani, jua linakuchoma, na maji yanakukuta hapo hapo.

"Mimi siogopi," akasema Tembo, mguu mmoja tayari umeshatoka mchangani.

"Uogope nini, Mzee? Mwili wote huo! Utaelea vizuri."

Mara huko korongoni: gudu... gudugudu... GUDUGUDUGUDU! Watoto watatu wanasukuma mawe.

"Yallah!" Kikao kikaahirishwa. Tembo mbele, Kifaru nyuma, pu! pu! pu! hadi juu ya kilima, bila hata kuagana.

Watoto wakateremka mbio. Wakanywa, glu glu glu, matumbo yakawa kama vibuyu.

"Yameshapita?" Kifaru akaita kutoka kilimani.

"Bado, Bwana Katibu! Haya ndiyo yale madogo. Kaa hukohuko!"

Wakakaa. Siku mbili. Siku ya tatu masika yakafika kweli, laga ikajaa ukingo kwa ukingo, Bi Pimbi na wanawe wakitazama kutoka mwambani, wameshiba maji. Kifaru akasimama akaipongeza kamati kwa uamuzi wake wa kuhama mapema. Tembo akalia kwa fahari.

Mwenye nguvu hashindwi kwa nguvu, hushindwa kwa woga wake.

Haya, haya, hapo pa Tembo kulia nimeongeza mwenyewe. Nilikuwa nimegeuka kidogo kutema mswaki.