Korongo Atafuta Mahali pa Ofisi

Misimu miwili mfululizo mvua iliikwepa nchi ya Simba. Kwanza zilikwisha nyasi, kisha mizizi. Sungura alijua kwamba wakazi wenzake wa kilimani wasipopata kazi kabla ya mwezi kuandama, watahama, na shule ya lugha aliyoijenga itaachiwa mchwa.

Ndipo Korongo, tajiri wa ng'ambo, alipotua barazani kwa Mfalme Simba akitafuta mahali pa kufungua ofisi ya kuwahudumia kwa simu wateja wake wa kule kwao.

Fisi wa bondeni alimwahi. "Karibu, Bwana Mkubwa! Kiwanja bure, ushuru umesamehewa miaka kumi. Wafanyakazi ninao arobaini, mabingwa wa lugha tano!"

Sungura aliwajua mabingwa hao: wajomba na binamu za Fisi, ambao hata salamu huimaliza kwa kicheko.

"Sisi kiwanja tutakukodisha," akasema, "na ushuru utalipa. Ila..."

"Mnamsikia?" Fisi akamkatiza. "Mgeni hajanywa hata maji, keshadaiwa kodi! Ndivyo mnavyokaribishana kwenu, Masikio?"

Simba, aliyependa kuonekana mjuzi wa biashara, alitikisa manyoya. "Nimeamua. Ofisi iende bondeni."

Sungura akapiga goti. "Mfalme amenena. Naomba jambo moja: kabla ya kutia sahihi, mgeni apige simu kote kuwili kama mteja. Aseme amepoteza kifurushi cha nyama kavu."

"Hilo tu?" Fisi akacheka. "Apige hata mara saba!"

Kilimani alipokea Swala. Alimsalimu Korongo kwa lugha ya kwao, akauliza kifurushi kilitumwa lini na kupitia wapi, akaahidi jibu kabla ya adhuhuri. Adhuhuri haijafika, akapiga. "Nimeuliza vituo vyote vitatu, bwana. Kifurushi hicho hakikupotea, hakikutumwa."

Bondeni, Korongo alipoanza kwa lugha ya kwao, alijibiwa kwa kicheko. Akarudia kwa lugha ya nchi.

"Nyama? Iko wapi?"

Vikasikika viti vikianguka, kisha kimya. Kutoka barazani, wote waliwaona mabingwa arobaini wakitimka kuitafuta nyama, pua chini, na mbele yao Fisi mwenyewe, aliyejua fika kwamba lilikuwa jaribio.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Simba.

Korongo alifungua ofisi kilimani, na ushuru akalipa. Tangu hapo wanyama wa nchi ile wanafahamu kwamba kiwanja cha bure humfanya mgeni asimame kutazama, lakini hukaa pale alipo wa kumpokea mteja wake.