Sange na Marahaba ya Chui

Haya, masikio yapo?

— Yapo!

Yameshiba?

— Yana njaa!

Basi yafungueni niyalishe, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi.

Alikuwepo Sange, kanyama kadogo kama panya, pua ndefu, kila kitu anataka kukijua. Siku moja akamkuta Chui amelala. "Hivi huyu akilala, na masharubu yake yanalala?" Akasogeza pua. Nusa, nusa, nusa... Kwap! Chui kamdaka, kambana kwa meno. Kilichobaki kumeza tu.

Masikini Sange, roho mkononi! Lakini ulimi wake ulikuwa huru, akasema ngoja nijaribu maneno.

Kwanza akalia. "Hii, hii, hii! Bwana Chui, nina watoto wanne, hata macho hawajafumbua!"

Chui akajibu kwa puani, "Mm-mm."

Sange akafuta machozi, akaleta hoja. "Mimi nyama yangu kijiko kimoja. Kule bondeni yupo swala kilema. Kipi bora?"

Chui akafikiri kidogo. "Mm-mm." Mlafi yule, alivitaka vyote viwili.

Sange akaleta majina makubwa. "Babu yangu alikuwa mganga wa Simba! Muulize Simba mwenyewe!"

"Mm-mm."

Meno yakazidi kubana. Sange akawaza: machozi hataki, hoja hataki, majina makubwa hataki. Sasa huyu amekosa nini duniani? Ee! Tangu Chui awe mzee, nani amewahi kumwamkia? Wote wakimwona wanatimka!

Akasema taratibu, "Shikamoo, mzee wangu."

Chui akashtuka. Mkia ukasimama wima. Machozi yakamlengalenga, wallahi. "Mmh."

"Hee! Ndiyo kuitikia gani huko? Au nimekosea, wewe bado kijana?"

"Mm-haba."

"Sisikii, mzee. Shikamoo!"

"MARAHABAAA!"

Puu! Sange chini. Chururu! Shimoni.

Chui akabaki ameduwaa, tumbo linanguruma. Kisha akainamia lile shimo, akauliza kwa sauti ya upole, "Hujambo, mjukuu wangu?"

"Sijambo, mzee," ikajibu sauti kutoka chini.

Chui akaenda zake na njaa yake, anachekacheka peke yake.

Ngano yangu nimeitua hapa, atakayeiokota ni yake. Na funzo lake, wanangu, ni hili: maneno matupu hayajawahi kumsaidia mtu. Ukikamatwa na mkubwa, nyamaza, uliwe kwa adabu.